Paketi ya ORS na utando wa seli: kwa nini chumvi haivuki bila sukari

Mleta uzi

Habari zenu wanajukwaa.

Nafundisha Biolojia kidato cha tano na sita huku Temeke. Kila mwaka tukifika mada ya jinsi seli inavyopitisha vitu kwenye utando wake, wanafunzi wanakariri vizuri tu: difusheni, osmosisi, usafirishaji unaotumia nishati. Mchoro wanachora, mishale wanaweka, mtihani wanafaulu. Masika ikija, maji ya mafuriko yakachanganyika na ya vyoo, mtoto wa jirani akaanza kuhara, yule yule aliyefaulu anamimina paketi nzima ya ORS (ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa anayehara) kwenye kikombe cha chai ili iwe na nguvu. Mwingine anaongeza sukari ili mtoto aipende. Inaniuma, kwa sababu mada tuliyosoma darasani ndiyo iliyomo ndani ya paketi ile, na ukiielewa huwezi kuichezea.

Naomba tuifungue polepole. Mwenye swali aulize, mwenye kuongeza aongeze.

Tuanze na utando. Ni mwembamba sana, nanomita 5 hadi 10, maana yake ukipanga tando zaidi ya laki moja ndipo unapata unene wa milimita moja. Umejengwa kwa safu mbili za mafuta. Vichwa vya molekuli hizo vinapenda maji, kwa hiyo safu moja inaelekeza vichwa nje ya seli na nyingine ndani. Mikia inayakimbia maji, imejificha katikati. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walitoa mafuta kwenye seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakapima eneo lake. Likawa karibu mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Hapo ndipo wazo la safu mbili lilipotokea. Mwaka 1972 Singer na Nicolson wakakamilisha picha: ndani ya mafuta hayo kuna protini nyingi, na nyingi kati yake zinaelea na kusogea.

Sasa, kwa kuwa katikati ni mafuta, vitu vinavyoyeyuka kwenye mafuta vinapita bila kubisha hodi: oksijeni, kabonidayoksaidi, pombe, homoni kama estrojeni. Vinatoka palipo na wingi kwenda palipo na uchache, na seli haigharamiki chochote. Lakini sodiamu, potasiamu na kloraidi ni ioni, zina chaji, na zimezungukwa na molekuli za maji zilizozing'ang'ania. Mafuta hayazitaki. Glukosi nayo ni kubwa na inapenda maji, imezuiwa. Hivi vyote vinahitaji protini ya kuvipitisha. Bila protini vitakaa nje hata kama nje vimejaa tele.

Maji yako katikati ya makundi haya mawili. Kidogo hupenya kwenye mafuta, lakini mengi hupita kwenye mifereji yake maalumu ya protini iitwayo akwaporini, ambayo Peter Agre wa Marekani aliitambua mwaka 1992 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Mfereji mmoja hupitisha zaidi ya molekuli bilioni moja kwa sekunde, zikiwa zimejipanga moja moja.

Na maji huelekea wapi? Huelekea upande wenye vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka. Ndiyo osmosisi. Nikifundisha hili nakata kiazi mbatata vipande vyembamba, nusu naviweka kwenye maji ya bomba, nusu kwenye maji yenye chumvi nyingi, tunaendelea na somo. Kabla kipindi hakijaisha naviita mezani. Cha maji ya bomba kimekakamaa, ukikikunja kinalia "pwa!" na kuvunjika. Cha maji ya chumvi kinakunjika hadi ncha mbili zinagusana na hakivunjiki. Kimelegea kama ngozi, maji yake yametoka. Wapishi mnalijua hili tangu zamani: ukinyunyizia chumvi vitunguu na nyanya za kachumbari, dakika chache tu bakuli lina maji ambayo hukuyaweka.

Hapa ndipo nataka msimame kidogo. Mwili hauna pampu ya maji. Hakuna seli hata moja, kuanzia utumbo hadi figo, yenye mashine ya kusukuma maji kwa kutumia nishati kutoka upande mmoja hadi mwingine ili kuyaingiza kwenye damu. Mwili ukitaka kuhamisha maji, unahamisha chumvi na sukari, maji yanafuata. Mtoto anayehara hadi macho yanazama hawezi kuokolewa kwa maji matupu peke yake, na sababu ni hiyo.

Nitaendelea na sukari inavyoingia hapo. Kwanza maswali.

---

PCB Mbagala

Shikamoo mwalimu. Mimi niko kidato cha sita. Swali langu: glukosi inapita kwa protini mbebaji, na sodiamu inasukumwa na pampu. Sasa kwenye utumbo mwalimu wetu alisema glukosi inaingia kwa "usafirishaji wa nishati" lakini protini yenyewe haitumii ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli). Nikakwama hapo. Inakuwaje?

---

Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo moyo wa uzi wote, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Anza na pampu. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark, akifanyia kazi neva za miguu ya kaa, alitambua protini inayovunja ATP pale tu sodiamu na potasiamu vinapokuwepo pamoja. Ikaja kujulikana kuwa ndiyo pampu ya sodiamu na potasiamu. Kila ATP moja inayovunjwa, pampu inatoa sodiamu 3 nje ya seli na kuingiza potasiamu 2. Inafanya hivyo usiku na mchana, kwenye karibu kila seli yako. Mwili ukiwa umepumzika tu, robo hivi ya nishati unayotumia inaishia kwenye pampu hii, na kwenye ubongo sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Skou alipata Nobel mwaka 1997, miaka 40 baadaye.

Matokeo yake ni kwamba nje ya seli kuna sodiamu nyingi, kama milimoli 140 kwa lita, na ndani ni kama 10 hadi 15 tu. Potasiamu ni kinyume chake. Sodiamu iliyoko nje inatamani kurudi ndani: ndani ni chache, halafu ndani kuna chaji hasi inayoivuta. Lakini mafuta yameifungia njia.

Sasa njoo kwenye utumbo mwembamba. Seli zake zina uso unaotazama chakula, na uso unaotazama damu. Pampu ya Skou iko upande wa damu. Upande wa chakula kuna protini nyingine, mbebaji anayeitwa SGLT1. Huyu ana nafasi za sodiamu mbili na glukosi moja. Mfikirie kama pantoni la Kigamboni: likiwa Feri, mlango wa upande wa Feri ndio ulioshushwa, abiria wanapanda, likifika ng'ambo, unashushwa wa upande wa pili. Milango miwili haifunguki kwa pamoja, vinginevyo ingekuwa daraja na watu wangepita wanavyotaka. SGLT1 hufunguka upande wa utumbo, hupokea sodiamu mbili na glukosi moja, hujigeuza umbo, hufunguka ndani ya seli, huwaachia, hurudi. Glukosi ikikosekana, sodiamu haivuki kwa njia hii inavyotakiwa. Sodiamu ikikosekana, glukosi nayo hubaki.

Kwa hiyo mwanangu, ATP ililipwa, ila ililipwa kwingine. Pampu upande wa damu imeitoa sodiamu nje, ikatengeneza ile tofauti. SGLT1 anatumia mteremko wa sodiamu kuipandisha glukosi hata pale ambapo ndani ya seli glukosi ni nyingi kuliko nje. Ndiyo maana inaitwa usafirishaji wa nishati wa daraja la pili. Glukosi ikishaingia na kuwa nyingi ndani, inatokea upande wa damu kwa mbebaji mwingine, GLUT2, ambaye hahitaji nishati wala sodiamu. Yeye anaifuata tofauti ya wingi tu. Ukiulizwa kwenye mtihani, chora seli moja yenye protini zote tatu na uandike nani yuko uso upi. Wengi wanapoteza alama kwa kuziweka zote upande mmoja.

Aliyelileta wazo hili la sodiamu na glukosi kuvuka pamoja ni mwanabiokemia Robert Crane, kwenye mkutano mjini Prague, Agosti 1960. Wakati ule lilikuwa jambo la maabara tu. Ila angalia linavyomalizikia: sodiamu na glukosi zimeingia, zimetokea kwenye damu, na maji yanazifuata. Umepata pampu ya maji kwa njia ya kuzunguka.

---

Muuza dawa

Mwalimu umegusa pangu. Nina duka la dawa muhimu, nimeshuhudia kipindupindu cha 2015 kilipoanzia hapa hapa Dar mwezi wa nane kabla ya kusambaa mikoani. Watu walikuwa wanakuja dukani wakiwa wameshika ukuta. Swali ninaloulizwa mpaka leo: kama utumbo umeharibika kiasi kwamba maji yanamwagika kama bomba, huo utumbo utanyonya vipi hiyo ORS? Si itapita tu?

---

Mleta uzi

Asante sana mkuu, na kazi mnayoifanya kwenye maduka hayo ni kubwa. Mara nyingi ninyi ndio wa kwanza kumuona mgonjwa.

Jibu ni kwamba katika kipindupindu utumbo *haujaharibika*. Bakteria wa kipindupindu hawaingii ndani ya seli wala hawazitafuni. Wanakaa juu yake na kutoa sumu. Sumu hiyo ina sehemu tano zinazoshika mafuta maalumu kwenye utando wa seli, na sehemu moja inayofanya uharibifu. Ikishashika, seli yenyewe inaukunja utando wake na kuimeza sumu ndani ya kifuko kidogo. Wanafunzi, hii ndiyo endositosisi mnayoichora. Njia ambayo seli hutumia kumeza vitu vikubwa visivyoweza kupita kwenye mbebaji wala mfereji. Chembe nyeupe za damu humeza bakteria kwa namna hiyo hiyo. Hapa adui ameitumia kuingilia.

Ndani, sumu inaikwamisha swichi moja ikae imewashwa. Kemikali iitwayo cAMP inajaa kwenye seli, na wingi wake unafungua mifereji ya kloraidi inayotazama utumbo, inayoitwa CFTR. Kwa kawaida mifereji hii hufunguka kidogo ili utumbo uwe na unyevu. Sasa iko wazi moja kwa moja. Kloraidi inamwagika nje, sodiamu inaifuata kwa sababu ya chaji, na maji yanafuata vyote viwili. Mtu mzima mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa, choo cheupe kama maji yaliyoosha mchele. Mtu aliyelala mzima anaweza kufa kabla ya siku kuisha.

Tena sumu hiyo hiyo inazuia njia nyingine ambazo utumbo hutumia kunyonya chumvi peke yake. Ndiyo maana ukimpa maji ya chumvi matupu hayamsaidii, na maji matupu hayamsaidii. Lakini SGLT1 haiguswi. Seli nzima imevamiwa, mifereji ya kloraidi imeachama, na bado mbebaji huyu mmoja anafanya kazi yake kama kawaida, anasubiri apewe sodiamu na glukosi kwa pamoja. ORS inamwaga hivyo viwili mbele yake. Mgonjwa ataendelea kuhara, hilo liwe wazi, maana ORS haifungi mfereji wa kloraidi. Lakini kinachoingia kinazidi au kinalingana na kinachotoka, na hilo linatosha kumweka hai mpaka ukuta wa utumbo ujifanye upya wenyewe. Seli hizo huishi siku chache tu kisha hubadilishwa na nyingine zisizo na sumu.

Mimi binafsi sijui habari nyingine katika Biolojia inayonigusa kama hii.

---

Baba Wawili

Uzi umeshiba huu. Mimi sio mtu wa sayansi, naomba kueleweshwa kwa lugha yangu. Mtoto wangu ORS haitaki kabisa, anaikunjia uso. Soda anakunywa. Soda si ina sukari na maji? Nikitia chumvi kidogo kwenye soda? Na madafu je? Mama yangu anasema madafu ndiyo dripu ya asili. Halafu kwa nini tusimpeleke tu akatundikiwe dripu tumalize?

---

Mleta uzi

Baba Wawili, karibu, na maswali yako yote ni ya maana. Naomba unifuatilie.

ORS ya Shirika la Afya Duniani tunayotumia sasa, ukiichanganya kwenye lita 1 kamili ya maji safi, ina glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti gramu 2.9. Ukijumlisha vilivyoyeyuka vyote unapata 245 kwa kipimo cha osmolariti. Damu yako iko karibu 290. Umeona? Mchanganyiko ni mwepesi kidogo kuliko damu, makusudi, ili maji yatoke utumboni kwenda kwenye damu. Ile ya zamani ilikuwa 311, na ilipunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 baada ya kuonekana kwamba nyepesi inapunguza kuhara na kutapika kwa watoto.

Sasa mimina paketi hiyo hiyo kwenye kikombe cha robo lita. Inakuwa 980. Zaidi ya mara tatu ya damu. Maji yatakwenda wapi? Yatatoka kwa mtoto kuingia utumboni, na ataharisha zaidi. Chumvi nayo inampanda kwenye damu, na chumvi ikizidi kwa mtoto mdogo inaweza kumletea degedege. Ukimimina kwenye lita 2, sodiamu inakuwa chache mno, mbebaji anakosa mzigo. Na usome paketi kabla ya kuikata, maana zipo za nusu lita pia.

Soda: nyingi zina sukari karibu gramu 100 kwa lita, na sodiamu kidogo sana. Sukari mara saba na zaidi ya ile ya ORS. Inavuta maji kuja utumboni. Kuongeza chumvi kwenye soda hakupunguzi sukari iliyokwishamo, kwa hiyo usifanye. Juisi za boksi ni hivyo hivyo. Glukosi ya unga ya dukani, ambayo wengi tunawapelekea wagonjwa, ina glukosi lakini haina sodiamu. Nusu ya abiria hawapo.

Madafu: mama hajakosea kwamba yana faida. Yana potasiamu nyingi, na anayehara anapoteza potasiamu. Ila sodiamu yake ni ndogo kuliko ya ORS. Mpe kama kinywaji cha nyongeza kwa kuhara kwa kawaida, usiyaweke badala ya ORS, na kwa kipindupindu usiyategemee kabisa.

Kama usiku umekukuta huna paketi na duka limefungwa, kipimo kinachojulikana ni lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sawazisha kwa mgongo wa kisu, usirundike. Sukari ya mezani hukatwa utumboni ikatoa glukosi, kwa hiyo SGLT1 anaitambua. Haina potasiamu, basi ni ya kukuvusha usiku tu mpaka upate paketi.

Kuhusu mtoto kukunja uso: mpe kwa kijiko, kidogo kidogo, kila baada ya dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uanze tena taratibu zaidi. Kwa aliye chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha kuhara; mkubwa kidogo, 100 hadi 200. Anayenyonya aendelee kunyonya. Jambo moja nimelisikia kwa wazazi wengi na linaendana na sayansi: mtoto aliyepungukiwa maji kweli, lakini hajalegea, huwa haikatai ORS, anakivuta kikombe.

Dripu ni kwa aliyezidiwa: aliyelegea, asiyeweza kunywa, macho yamezama, ngozi ukiifinya inarudi polepole sana. Huyo asikae nyumbani hata dakika moja. Lakini kwa wengi, njia ya mdomo inatosha. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon nchini India na kipindupindu kikawaingia. Dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi, magadi ya kuokea na glukosi kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wakawa wanachota na kuwanywesha wenyewe. Vifo ambavyo mwanzoni vilikuwa kama asilimia 30 vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Hakuwa anabahatisha, tangu 1968 madaktari Nalin na Cash, wakiwa Dhaka, walikuwa wameshaonyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa mdomo. Mwaka 1978 jarida la The Lancet liliandika kwamba ugunduzi wa sodiamu na glukosi kuvuka pamoja huenda ndio hatua muhimu kuliko zote za tiba katika karne ile.

---

Mdau wa Kunduchi

Mimi nakaa karibu na mikoko huku. Nimesoma hapo juu kwamba maji hukimbilia kwenye chumvi. Sasa mkoko unaishi kwenye maji ya bahari, mbona haukauki kama kile kiazi chako?

---

Mleta uzi

Mdau, una maabara bora kuliko ya shule yangu. Mikoko haifanani yote. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kujipinda kama miguu, unazuia sehemu kubwa ya chumvi pale pale kwenye mizizi: tando za seli za mizizi zinaruhusu maji na kuikatalia chumvi. Mchu, aina nyingine ya mikoko, unaingiza chumvi kiasi, kisha unaipampu nje kupitia tezi za kwenye majani. Hapo kuna pampu halisi zinazolipwa ATP. Na yote miwili inajaza ndani ya seli zake vitu vilivyoyeyuka vya kutosha ili maji yaone faida ya kuingia. Kipindi cha kiangazi, mchana jua likishawaka, shika jani la mchu uangalie juu yake dhidi ya mwanga. Utaona chembe ndogo zinametameta. Pitisha kidole, ni chumvi. Mvua ikinyesha inaoshwa, kwa hiyo usiende siku iliyonyesha.

---

PCB Mbagala

Mwalimu nimeelewa sasa, nimechora seli yenye protini zote tatu. Moja ya mwisho: hivi wabebaji wanaweza kubadilika? Kama mbebaji akibadilika kidogo, seli inaanza kupitisha kitu ambacho haikupitisha?

---

Mleta uzi

Ndiyo, na Tanzania nzima imeishi ndani ya jibu hilo. Klorokwini inaua vimelea vya malaria kwa kunaswa. Ikiwa haina chaji inapenya utando vizuri; ikifika kwenye kifuko cha kimelea kinachomeng'enya himoglobini, kule ndani kuna asidi, inapata chaji, na sasa haiwezi kutoka tena. Inajikusanya hadi kumuua. Kisha vikatokea vimelea ambavyo mbebaji mmoja kwenye utando wa kifuko hicho, PfCRT, alikuwa amebadilika kidogo, na mbebaji huyo aliyebadilika akawa anaitoa klorokwini nje. Dawa ikawa inaingia na kutoka. Mwaka 2001 nchi yetu iliiacha klorokwini kuwa tiba ya kwanza, na baadaye ikaja dawa ya mseto. Badiliko dogo kwenye protini moja, na nchi nzima ikabadilisha dawa.

---

Muuza dawa

Nina la kuongeza kabla uzi haujashuka. Wateja wengi hawataki ORS, wanataka "dawa ya kufunga choo". Nikimpa ORS anaona nimempa chumvi tu. Nimwambie nini kwa kifupi? Na zinki mwalimu, waambie kuhusu zinki.

---

Mleta uzi

Mkuu, mwambie hivi: choo kikifungwa, mfereji wa kloraidi kwenye seli haujafungwa. Dawa zile zinapunguza mwendo wa utumbo. Maji yanaendelea kutoka kwenye damu, yanakaa tu tumboni badala ya kutoka nje. Mama anaangalia nepi kavu na kudhani mtoto amepona, kumbe anaishiwa maji ndani kwa ndani, na vijidudu vimefungiwa humo humo. Kwa watoto wadogo dawa hizo ni hatari na hazishauriwi. Na antibaiotiki nazo si za kila kuhara. Ziamriwe na aliyempima mgonjwa.

Zinki ni kweli, watu wanaisahau. Kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea ni miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Chini ya miezi 6, miligramu 10. Inafupisha kuhara na kupunguza uwezekano wa kurudia miezi inayofuata. Kosa ninalolisikia ni kuiacha siku ya tatu kwa sababu choo kimeshika. Amalize zote.

Na ORS iliyochanganywa ikikaa saa 24 imwagwe, ichanganywe nyingine. Ukimuuzia mtu paketi, muulize kwanza nyumbani ana chombo gani cha lita. Wengi watakwambia hawana. Waonyeshe chupa ya maji ya lita moja, au chupa mbili za nusu lita, waondoke nayo dukani wakiwa wameishika mkononi.